Leo Siruki

2 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la Jiografia, kidato cha pili. Kurasa za mwanzo zina mito na milima, zilizobaki ni nyeupe pee, kwa sababu mwenyewe alihama darasani akahamia kwenye oili. Sasa linapata kazi ya maana. Nitaandika habari za gari langu tangu leo mpaka siku litakapotoka uani, ili watu wakija kuuliza ilikuwaje wasimuulize Filipo. Filipo atasema kafanya yeye.

Gari ni Mark II, lile la mviringo tunaloliita baluni. Lilikuwa la mhandisi mmoja wa kule Madimba kwenye gesi. Alipohama aliliacha nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Sasa liko kwetu Chuno, hapa Mtwara mjini, kwenye banda lililokuwa la mbuzi. Uwanja ni wa Bibi Somoe, mama yake mama. Anasema mbuzi walikuwa na faida zaidi: "Mbuzi akizidi kelele unamchinja. Hilo utalifanya nini?"

Dada yangu Safina anaolewa Desemba, korosho zikishauzwa, kama watu wote wa huku. Mume ni Alawi wa Mikindani. Nimeapa mbele ya Bibi, mbele ya shangazi zangu na mbele ya mafundi wote wa Chikongola kwamba Safina ataondoka hapa ndani ya baluni, na Mikindani watalisikia kabla hawajaliona. Mafundi walicheka. Mmoja alisema, "Muzamil, wewe hata baiskeli hujamaliza kufunga." Jina lake nimeliweka kichwani.

5 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka. Mji mzima unanuka mabibo.

9 Oktoba

Injini imefika! Imekuja kutoka Dar juu ya lori lililofuata korosho. Silinda sita, turbo, farasi mia tatu. Magari mengine ya Mtwara yanakohoa tu. Filipo aliizunguka, akaigonga kwa kidole kama anachagua nazi, akasema:

"Farasi mia tatu, ntani, na uwanja wenyewe hauna nyasi za kumshibisha mbuzi mmoja."

Filipo ni fundi wa kuchomelea, Mmakonde wa upande wa Newala. Anakaa na mama yake nyumba chache kutoka kwetu. Mtani kwake ni ntani, mchanga ni nchanga. Sisi ni Wayao, na Myao na Mmakonde ni watani tangu babu wa babu. Asiyejua atadhani tunagombana. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako akamla mbele yako. Anaweza kulala kwenye kaburi la baba yako akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umeaibisha ukoo mzima.

Baba yake Filipo alipokufa mwaka jana, aliyelala kaburini ni mimi. Nilimuigiza mzee alivyokuwa akikohoa na kutafuta kiatu. Mama Filipo alicheka mpaka akashika tumbo. Watu wanazungumza mpaka leo. Msiba ule ulikuwa wangu.

10 Oktoba

Nimemchukulia Filipo miwani yake ya kuchomelea. Utani. Kachomelea kutwa nzima kafumba jicho moja.

12 Oktoba

Macho yamemvimba, yanamwaga machozi kama ya mjane. Nimemrudishia miwani. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, sijui nani alikikalia.

22 Oktoba

Injini imekaa. Gia boksi iligoma kuingia, nikakata waya wa hendibreki uliokuwa unaziba njia.

"Na hendibreki?" Filipo kauliza.

"Gari la farasi mia tatu halikai kushikiliwa."

"Breki ya mguu basi uiangalie, ntani."

"Breki mwisho. Kwanza liende, ndipo nilisimamishe."

1 Novemba

Limewaka. Mbuzi wa Bibi wamekata kamba, mmoja hajaonekana mpaka sasa. Mtaa mzima ulikuja uani. Bibi aliziba masikio akasema, "Haya, tumesikia, lizime." Nikalikanyagia tena ili wasikie vizuri na wa msikitini.

6 Novemba

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma, na hapa naandika bado nacheka.

Tulitoka kulijaribu, mimi na Filipo, barabara ya kwenda Madimba, asubuhi, njia tupu. Nikakanyaga. Turbo ikapiga mluzi, kisogo cha Filipo kikagonga kiti, akaanza kumwita Bikira Maria kwa jina. Tulipoikaribia kona ya mashamba ya mihogo nikaanza kurusharusha mguu kule chini, kama mtu anayepampu pedeli, kumbe siigusi. Nikatoa macho. Nikapiga kelele:

"Filipo! Breki hamna! Breki hamna!"

Alinitazama mara moja tu. Kisha akafungua mlango akaruka.

Nikakanyaga breki, gari likatulia kimya kama bibi harusi. Nikarudi nyuma taratibu, mkono dirishani. Alikuwa kakaa katikati ya mihogo, mdomo umejaa mchanga na damu, mkono wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Breki ipo?" kaniuliza.

"Ipo. Imekuulizia umekwenda wapi."

Katema mate, yakatoka na meno mawili ya mbele. Akayatazama kiganjani. Na unajua kafanya nini? Kacheka. Damu inamtiririka kidevuni naye anacheka, kwa sababu mtani hanuni.

"Ntani," kasema, "hii nitailipa."

"Utailipa na meno gani?"

7 Novemba

Kaanguka kwenye mihogo, hospitali wamemfunga hogo, lile la plasta. Mkono mzima mweupe mpaka kiwiko. Jina nimelisambaza mwenyewe: Ruka. Kufika alasiri lilikuwa limeshika mpaka sokoni.

10 Novemba

Watoto wakimwona wanapiga kelele, "Breki hamna!" naye lazima aruke kidogo, watu wacheke. Asiporuka wataona kanuna. Leo kanisani kwao kuna aliyemwambia hivyo wakati wanatoka. Karuka na kitabu cha nyimbo mkononi. Safi sana.

13 Novemba

Mama Filipo kaja uani na sinia lake la maandazi kichwani. Hakulitua.

"Muzamil, baba, mwenzio anafanya kazi kwa mkono mmoja. Na hilo jina sasa hata wateja wanamwita. Npunguzie."

"Mama, mtani haombi radhi wala haombi kupunguziwa. Atalipa siku yake."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kutimiza wajibu. Nikachukua andazi moja juu ya sinia. Ni haki yangu.

16 Novemba

Ekzosi inatakiwa kuchomelewa na rejeta ina tundu. Mafundi wa Chikongola hawaji, eti niliwatukana. Kaja Filipo, kachomelea vyote kwa mkono wa kushoto. Mshono umekaa kama njia ya konokono aliyelewa uraka, lakini hauvuji hata tone. Nikamuuliza kwa nini bado anakuja.

"Nisipokuja utantania nani? Bibi yako atakupiga."

Kisha akazima mashine, akavua miwani, ile yenye kioo kilichopasuka.

"Ila siku ya Safina, bibi harusi hatoki hapa mpaka ntani apewe chake. Sitaki kuku, sitaki soda. Nitalichukua hili gari, niliendeshe mwenyewe mpaka kwenye lami na kurudi, watu wote wanione nimekaa. Nimekaa, sijaruka. Basi."

"Lichukue kama utaliweza."

Tukapeana mikono, wa kushoto kwa wa kushoto.

24 Novemba

Mvua ya kwanza. Banda linavuja juu ya boneti. Bibi kafurahi.

25 Novemba

Safina kanikuta napiga msasa.

"Utani una mwisho, Muzamil."

"Mwisho wake uko wapi?"

"Mtu akiacha kucheka."

"Filipo anacheka."

"Mtazame macho wakati anacheka."

26 Novemba

Nimemtazama. Yamekuwa mekundu. Ni ya kuchomelea tu.

2 Desemba

Filipo kaondoka na mama yake kwenda Newala kuokota korosho zao kabla mvua haijaziharibu. Hogo kalitoa jana, mkono umekonda kama wa mtoto. Kasema atarudi siku yenyewe ya harusi, kutoka stendi moja kwa moja hadi kwetu. Kwenye kona kaniita, "Ntani! Usisahau changu!" Nikamjibu, "Ruka!" Karuka, na furushi begani.

4 Desemba

Mvua.

5 Desemba

Mvua. Uwanja hauna wa kumtania. Nimemtania Bibi, kanirushia mwiko.

9 Desemba

Pedeli ya breki imezama mpaka chini. Master silinda, ile pampu ya breki, imekufa, mafuta yote yamemwagikia kwenye kiatu changu. Nimeifungua, nimeitupa kwenye ndoo. Mpya nimeagiza Dar, inakuja na basi. Kwa hiyo kwa sasa baluni halina breki ya mguu wala ya mkono. Linapendeza hivyohivyo.

12 Desemba

Haijaja. Nimepiga rangi. Nyekundu.

14 Desemba

Haijaja. Mafundi wa Chikongola wamealikwa wote harusini. Shangazi kawaalika ili waone.

15 Desemba

Imekuja. Ni ya gari jingine. Matundu ya bolti hayaoani hata moja.

16 Desemba

Kesho ndiyo kesho. Wanawake wamejaa uani wanapepeta mchele. Safina kanifuata bandani, hina bado mbichi, mikono kaiinua juu kama mtu aliyekamatwa.

"Litanifikisha?"

"Litakufikisha kabla hujakaa vizuri."

"Sikutanii, Muzamil. Litanifikisha salama?"

"Wallahi," nikasema. Sasa ningesema nini, na shangazi wote wanasikiliza?

Mpango wangu ni huu. Kesho nitaliwasha, lingurume, wapige picha, Chikongola wameze mate. Kisha nitachungulia chini ya boneti, nitatikisa kichwa, nitasema rejeta inavuja. Safina ataingia kwenye Noah ya kina Alawi. Nani atajua? Rejeta huvuja hata kwa wakubwa.

18 Desemba

Jana sikuandika.

Ndoa ilifungwa msikitini asubuhi. Alasiri wakaja wa Mikindani kumchukua Safina, Noah imejaa wasichana na ngoma. Baluni tulikuwa tumelisukuma mpaka katikati ya uwanja, limetazama getini, riboni nyeupe kila upande. Ukitoka getini kwetu njia inashuka moja kwa moja mpaka kwenye lami, na msimu huu malori ya korosho yanapangana pale pembeni yakisubiri zamu ya kushusha ghalani.

Nikaliwasha. Vigelegele. Fundi yule wa baiskeli alikuwa kafunga mikono kifuani, nikamwona anaifungua. Ilikuwa saa yangu, sikatai. Nikashuka nikaliacha linanguruma, nikaenda kuinua boneti kama nilivyopanga.

Hapo sauti ikatoka getini:

"Bibi harusi hatoki!"

Filipo. Kavaa suti ya marehemu baba yake, mikono mirefu, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Kajilaza chali mbele ya mlango wa nyumba, miguu huku, kichwa kule. Watu wakapasuka kwa kicheko. Shangazi kamletea kuku, kakataa. Kamletea soda, kaiweka kifuani kama maiti mwenye shada. Wasichana wa Mikindani walikuwa wanafuta machozi.

"Ntani nataka nilichoahidiwa," kasema, akaunyoosha ule mkono uliokonda kuelekea kwenye gari.

"Mpe mtani wako," Bibi Somoe kaniambia. "Umekula vyake mwaka mzima."

Kanyanyuka, kapita mbele yangu, kaingia, kafunga mlango. Karekebisha kioo cha kati. Kashika usukani kwa mikono yote miwili.

Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwepo kubwa kabisa. Ningenyoosha mkono dirishani nikachomoa ufunguo. Lakini pale walikuwa wamesimama Chikongola wote, na Safina mlangoni na shela lake, niliyemwapia jana yake. Nikisema breki hamna, kesho Ruka ni mimi. Basi nikasema kile nilichokuwa nimepanga kusema:

"Toka Filipo, rejeta inavuja."

"Rejeta nimeichomelea mimi. Haivuji."

Nikafikiri: atashindwa klachi, litazima. Nilisimama hapohapo nikisubiri lizime.

Halikuzima. Likaanza kwenda. Nikakimbia pembeni yake, napiga paa kwa kiganja. "Filipo! Breki hamna! Wallahi breki hamna!"

Uwanja mzima ulilipuka. Hawajawahi kucheka vile. Watoto wakaitikia, "Ruka! Ruka!" Shangazi wakapiga vigelegele juu yake. Mimi nalia, nao wanaona naigiza vizuri kuliko siku zote.

Filipo akatoa kichwa dirishani, pengo lote wazi, macho yake nikayaona. Yalikuwa yanacheka kweli.

"Leo siruki, ntani!"

Akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi getini.

Nilimwona kichwa kikiinama, kikitazama chini miguuni. Mara moja, tena mara nyingine. Mlango haukufunguka. Likavuka lami, likaingia chini ya mkia wa lori la mwisho. Magunia yakapasuka, korosho zikamwagika juu ya bati muda mrefu, kama mvua. Na nyuma yangu watu walikuwa bado wanacheka.

19 Desemba

Safina alipelekwa Mikindani bila ngoma. Hakuniaga.

Trafiki wamepima barabara kwa kamba. Wameuliza nani alikuwa anaendesha. Wameambiwa marehemu. Wameandika, wameondoka.

20 Desemba

Bibi kasema nioge, tunakwenda Newala kuzika.

"Bibi, sendi. Wataniua."

"Hawatakuua. Ingekuwa nafuu. Watani ndio wanaozika, Muzamil. Asipokwenda mtani wake nani atakwenda?"

21 Desemba

Kaburi lilikuwa limechimbwa. Watu wengi, na udongo mwekundu kila mahali, na korosho zimekwisha kuokotwa. Nilipoingia nilitaka mtu anipige. Nilimtafuta kwa macho mtu wa kunipiga. Mjomba wake Filipo kanijia, kanipa mkono.

"Kati yenu na sisi hakuna kesi, baba. Ule ulikuwa utani."

Mama Filipo alikuwa kakaa kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka.

"Ntani wetu kaja?"

"Kaja," wakamjibu.

"Mbona nnamsikia kanyamaza? Baba yake alipokufa ulilala kaburini. Mwanangu kakosa nini kwako?"

Bibi Somoe alinisukuma mgongoni kwa kidole kimoja. Nikashuka, nikalala. Udongo ulikuwa wa baridi, ukaniingia masikioni. Nikasema yale maneno, sitoki mpaka nipewe kitu.

"Unataka nini?" wakauliza toka juu, kama desturi.

Nikageuza uso kwenye ukuta wa udongo. Walinitoa kwa kunishika mikono.

"Basi nnuigize," mama yake kasema. "Nnuigize alivyoruka, ile siku ya mihogo. Kila mtu alinisimulia, mie sikuona."

Nikakaa chini nikajifanya niko kwenye kiti cha gari. Nikatoa macho. Nikajifanya nafungua mlango, nikaruka, nikaangukia tope kwa uso. Nikatema mate kiganjani, nikayatazama. Watu wakacheka. Walikuwa wamesubiri kucheka tangu asubuhi. Naye akacheka, kashika tumbo vilevile kama mwaka jana, mpaka wakamshika mabega. Akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Tena."

Nikaruka.

"Tena."

Mvua ikaanza. Padri akafunika kitabu kwa kiganja. Watu waliacha kucheka mmoja mmoja, wengine wakatazama pembeni, mjomba mtu kasema, "Dada, inatosha, tuzike." Hakumsikia. Magoti yangu yalikuwa yamechubuka, mdomo umejaa udongo. Nilimtazama nikidhani sasa atasema basi.

"Tena, baba," kasema, kwa upole kabisa. "Yeye alikataa. Ruka wewe."

Nikaruka.